Wimbo Uliokosa Karatasi: Uchambuzi wa Kisa cha Mtunzi wa Ridhaa katika Bendi Tatu za Mombasa

Kwa nini kisa hiki

Watunzi wengi wa Mombasa hawaishi kwa muziki. Mchana mtu ni karani, fundi au mwalimu, na jioni anabeba gitaa kwenda mazoezini. Wanapokosana na wenzao kuhusu wimbo, watu husema tu kwamba "ameibiwa", na hapo mazungumzo huishia. Kisa hiki kimeandikwa kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo neno wizi hulificha: kasoro iliyoziua nyimbo za mtu huyu mazoezini ndiyo hiyo hiyo iliyomletea ugomvi wa haki miaka kadhaa baadaye. Nyimbo zilikaa kichwani mwake. Hakuna mwingine aliyeweza kuzishika bila yeye kuwepo, na hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ni zake.

Majina ya watu, bendi, hoteli na studio yameondolewa. Mhusika mkuu tunamwita Mtunzi.

Usuli

Mtunzi ni karani katika shughuli za kutoa mizigo bandarini, mkazi wa Likoni. Anapiga gitaa la rithimu, anaimba sauti ya kati, na hajasoma muziki popote. Ushairi ndio uliomlea: nyumbani kwao mashairi yalisomwa kwa sauti, na mizani na vina alivijua kabla ya kujua kushika gitaa. Karibu nyimbo zake zote ameziandika kwa mistari ya mizani 16, yaani vipande viwili vya mizani 8, na nyingi zinakwenda kwa mwendo wa chakacha.

Mazingira aliyofanyia kazi nayo yana sura yake. Bendi ya Pwani huishi kwa harusi, hafla za mashirika, vilabu vya Mtwapa na Bamburi, na zaidi ya yote hoteli za ufukweni. Hoteli hizo zimelea wanamuziki wakubwa. Them Mushrooms walipita huko huko, na Mombasa Roots ndio waliochukua chakacha ya akina mama wa harusini wakaitia magitaa na kinanda cha umeme. Lakini hoteli huajiri bendi ili ipige zile nyimbo ambazo mgeni amekwisha kuzisikia. Mwenye wimbo mpya lazima auingize kwa hila.

Bendi ya kwanza, 2011 hadi 2014: nyimbo tisa zisizotoka mazoezini

Bendi ilikuwa ya vijana wa mtaa mmoja: magitaa mawili, besi, drams, tumba, na mwimbaji wa kike. Mtunzi alileta nyimbo tisa kwa miaka mitatu. Hakuna hata moja iliyopigwa hadharani zaidi ya mara mbili, na wenzake walikata shauri kwamba "nyimbo zake ni nzito". Hukumu hiyo aliiamini kwa muda mrefu. Haikuwa sahihi, na inafaa kuona ni wapi hasa zilipokuwa zikivunjikia.

Kwanza ni kii, yaani sauti ya msingi ambayo wimbo unajengwa juu yake. Alitunga akiwa na gitaa mkononi, kwenye G, kwa sababu kodi za G (mafungu ya sauti zinazopigwa pamoja) ni nyepesi vidoleni. Wimbo wake wa kawaida ulianzia D ya chini na kupanda hadi E. Kwa sauti ya kiume ya wastani hapo pana raha. Mwimbaji wa kike akiuimba kwa kii hiyo hiyo ana njia mbili tu: aende juu oktavu nzima, ambako E itamfanya apige kelele, au ashuke chini alikoimbia Mtunzi, ambako sauti yake inamezwa na besi. Huyu alifanya yote mawili katika wimbo mmoja, ubeti chini na kiitikio juu, na kila mara kiitikio kilipofika mpiga tumba alikunja uso. Dawa ilikuwa kuupandisha wimbo kutoka G hadi C. Hapo ungeanzia G iliyo chini ya C ya katikati na kuishia A, eneo ambalo mwanamke wa sauti nzito anaimba kama anayezungumza. Kwa gitaa la rithimu ni kapo, yaani kibano cha nyuzi, kwenye kishikio cha tano, vidole vinabaki pale pale. Hakuna aliyeuliza. Katika bendi nyingi za mtaani kii haiamuliwi na mtu. Huja na aliyeleta wimbo, na mwimbaji hulaumiwa kwa kutoufikia.

La pili ni mdundo, na hapa inabidi tusogee karibu. Mojawapo ya nyimbo hizo ulianza hivi:

*Bahari haina deni, wangu moyo wakudai*

Kipande cha kwanza kina mizani 8. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo msemaji husema ba-HA-ri ha-I-na DE-ni. Katika chakacha, ambayo tunaihesabu 6/8, kila kipimo kina mapigo madogo sita na mapigo yenye nguvu ni la 1 na la 4. Mtunzi alianza na *ba* kabla ya kipimo kufunguka. *Ha* ikaangukia pigo la 1, *i* ikaangukia la 4, na *de* ikaangukia la 1 la kipimo cha pili. Mikazo mitatu, mapigo matatu yenye nguvu. Silabi ya mwisho ilibaki na nafasi ya kuvutwa, na mwimbaji akapata pa kuvuta pumzi.

Mpiga drams alilelewa kwa reggae na gospeli za 4/4, yaani mapigo manne kwa kipimo. Aliposikia wimbo bila ngoma, akauweka kwenye 4/4, silabi moja kila nusu pigo. Hesabu tena: *ha* kwenye 1, sawa, lakini *i* inatua baada ya 2, *na* inatua kwenye 3, *de* baada ya 3, na *ni* kwenye 4. Msikilizaji anasikia "haiNA deNI". Maneno ni yale yale, sauti ni ile ile, lakini Kiswahili kimepinda, na mtu wa Mombasa husikia kupinda huko hata kama hawezi kueleza ni nini. Ndiyo maana ya "nzito".

Tisa hizo hazikuandikwa popote ila maneno, kwenye daftari la shule, bila kodi, bila kii, bila mdundo. Bendi ilivunjika 2014, mwaka ambao maonyo ya usafiri ya serikali za nje yalipunguza wageni wa Pwani na kazi zikapungua kwa kila mtu. Leo Mtunzi anakumbuka sauti, yaani melodi, za nyimbo nne kati ya tisa. Tano zina maneno tu.

Bendi ya hoteli, 2015 hadi Machi 2020

Bendi ya pili ilikuwa ya kazi: watu sita, hoteli mbili za Kaskazini, seti tatu za dakika 45 kuanzia saa mbili usiku. Malipo yalikuwa KSh 18,000 kwa usiku. Kiongozi alitoa kwanza 3,000 za gari na vyombo, na 15,000 zilizobaki ziligawanywa sawa, 2,500 kwa kila mtu. Kwa mwenye mshahara mwingine zilikuwa fedha za kuvukia feri na za nyuzi za gitaa, ambazo kwa hewa ya chumvi ya ufukweni hushika kutu kabla ya mwezi kwisha usipozipangusa.

Mpiga kinanda wa bendi hii ndiye aliyeziokoa nyimbo za Mtunzi kimuziki. Lazima lisemwe mapema, kwa sababu baadaye yeye ndiye aliyelaumiwa. Aliuchukua wimbo wa bahari, akauliza mwimbaji anafikia wapi, akauhamishia C, akamwambia mpiga drams aache kijiti cha pembeni afuate tumba, kisha akatunga utangulizi wa vipimo vinane wa kinanda ambao kila aliyeusikia aliushika. Kazi yote ilifanyika jioni moja. Mtunzi alikuwa ametuma sauti yake kwenye kikundi cha WhatsApp cha bendi siku chache kabla, akiimba na gitaa, dakika mbili na nusu. Hiyo ilikuwa 2017.

Jinsi wimbo huo ulivyoingizwa kwenye seti inafaa kuigwa. Seti ya kwanza wageni wanakula na hawasikilizi. Ya tatu wanataka kucheza kile wanachokijua. Wimbo uliwekwa wa tatu katika seti ya pili, mara tu baada ya wimbo maarufu wa watalii wenye mwendo unaokaribiana nao, bila kutangazwa na bila kusimama katikati: tumba zilishikilia, kinanda kikaingia. Ubeti mmoja ukakatwa, muda ukashuka kutoka zaidi ya dakika tano hadi chini ya nne, na kiitikio kikapunguzwa maneno ili mgeni aweze kukiitikia mara ya pili. Meneja wa vyakula na vinywaji hakugundua kwamba bendi inapiga wimbo wake yenyewe, na ndiyo iliyokuwa shabaha.

Kulikuwa na ajali moja ya mara kwa mara, ndogo lakini yenye aibu. Mpiga kinanda alizoea kupiga kwenye G na kubonyeza kitufe cha kuhamisha kii juu nusu-sauti tano ili isikike C. Wimbo ukiisha akasahau kukirudisha, wimbo unaofuata ulianza bendi ikiwa kwenye kii moja na kinanda kwenye nyingine. Tiba waliyoipata ni kuandika "+5" kwa kalamu nyekundu kando ya wimbo kwenye orodha ya seti, na "0" kando ya ule unaoufuata. Mpiga kinanda mwenye nidhamu angejifunza kupiga kwenye C. Kwa anayepiga usiku nne kwa wiki na kulala kwa muda wa saa nne tu, kalamu nyekundu inatosha.

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza wimbo ni wa nani. Ulikuwa "ule wa kwetu".

Baada ya Machi 2020

Hoteli zilifungwa, amri ya kutotoka nje usiku ikaanza mwishoni mwa Machi, na bendi haikuvunjwa na mtu. Iliacha tu kukutana. Mtunzi alirudi kwenye mizigo yake. Mwimbaji na mpiga kinanda, ambao muziki ndio uliokuwa riziki yao, walibaki bila chochote. Mwaka 2021 waliingia studio wakarekodi wimbo wa bahari. Mwimbaji alilipa KSh 15,000. Mpiga kinanda akaupeleka kwa kampuni ya maudhui ili uwekwe kama mlio wa kusubiri simu. Fomu ilikuwa na nafasi moja ya jina la mtunzi. Akajiandika.

Mtunzi aliujua wimbo huo uko sokoni alipompigia simu mteja wa Changamwe kuhusu kontena na kusikia sauti ya mwimbaji wake mwenyewe ikimngojesha.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuilazimisha kampuni ya maudhui iuondoe wimbo. Ni ya haraka, lakini inakata mapato ya wote, naye akiwemo. Ya pili ni kufungua malalamiko KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na ikibidi kwenda mahakamani. Ya tatu ni kikao. Kabla ya kuchagua alifanya jambo la busara kuliko yote katika kisa hiki: alitafuta kujua ana ushahidi gani na fedha zenyewe ni kiasi gani.

Ushahidi ulikuwa hafifu kuliko alivyodhani. Simu yake ya 2017 ilikuwa imekufa na nakala ya WhatsApp haikuhifadhiwa. Daftari lilikuwa na maneno lakini halina tarehe. Kilichomwokoa ni mpiga drams wa bendi ya hoteli, ambaye hajawahi kufuta kikundi wala kubadilisha simu. Sauti ya dakika mbili na nusu ilikuwapo bado, na tarehe yake. Waliyahamisha mazungumzo ya kikundi yote pamoja na faili za sauti na kuyatuma kwenye barua pepe tatu tofauti siku hiyo hiyo.

Kisheria sauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hailindi wimbo ulioko kichwani. Inataka uwe umeandikwa, umerekodiwa au umewekwa kwa namna nyingine ya kushikika. Sauti ya simu inatosha. Usajili KECOBO si sharti la kuwa na haki, ingawa cheti chake ni ushahidi mzuri. Lakini sheria hiyo hiyo ina kifungu ambacho watunzi wengi hawakijui: mwenye rekodi ya sauti ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Kwa hiyo hapa palikuwa na mali mbili ndani ya faili moja. Wimbo, yaani maneno na sauti, ulikuwa na mwenyewe. Na rekodi ilikuwa na mwingine, mwimbaji aliyelipia studio. Mtunzi angeshinda kabisa kuhusu wimbo na bado asiwe na haki ya kuiuza rekodi ile.

Fedha nazo: taarifa ya kampuni ya maudhui ilionyesha KSh 41,600 zilizolipwa tangu wimbo uwekwe. Mwimbaji na mpiga kinanda walikuwa wamegawana nusu kwa nusu, 20,800 kila mmoja. Kesi ya wakili ingemeza zaidi ya hizo. Akachagua kikao, na kwa hesabu hiyo tunaona alichagua vizuri. Lau zingekuwa laki tano, ushauri wetu ungekuwa mwingine.

Kikao

Kilifanyika mwishoni mwa 2022 nyumbani kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale, mpigaji wa zamani wa taarabu ambaye wote wanne walimheshimu na ambaye hakuwa na maslahi. Mpiga drams alikuja kama shahidi. Mzee hakuanza na fedha.

"Mwanangu," alimwambia mpiga kinanda, "niimbie huo wimbo. Kinanda kiache hapo."

"Naam, Mzee." Akauimba, ubeti na kiitikio.

"Ahsante. Sasa nipigie ule mwanzo wako, usiimbe." Akaupiga. Mke wa mzee, aliyekuwa akipita na birika, akasema ndiyo, huo ndio ule wa kwenye simu.

Jaribio hilo la dakika tatu lilifanya kazi ambayo barua za mawakili zingeichukua miezi. Lilionyesha kwamba wimbo unasimama bila utangulizi, na kwamba utangulizi unatambulika peke yake, ingawa peke yake si wimbo. Kila mtu aliona kwamba mpiga kinanda ana kitu, na kwamba hana vyote.

Makubaliano yalikuwa haya. Gharama ya studio, 15,000, ilirudi kwanza kwa mwimbaji. Zilizobaki, 26,600, zilikatwa nusu: 13,300 za wimbo na 13,300 za rekodi. Upande wa wimbo Mtunzi alipata asilimia 75, yaani 9,975, na mpiga kinanda 25, yaani 3,325. Upande wa rekodi mwimbaji alipata asilimia 70, yaani 9,310, na mpiga kinanda 30, yaani 3,990.

Hapo ndipo kikao kilipokaribia kuvunjika. Mpiga kinanda alikuwa ameshapokea 20,800, na sasa haki yake ilikuwa 7,315. Alidaiwa 13,485. Aliinuka kuondoka. Aliyemrudisha si Mtunzi, ni mwimbaji, ambaye alikwisha piga hesabu kwenye simu na kugundua kwamba hata yeye alipunjwa 3,510. Hadi dakika hiyo alikuwa upande wa kinanda. Baada ya hapo alikuwa upande wa hesabu. Deni la Mtunzi lililipwa kwa awamu tatu za 3,325, ya mwisho ikichelewa.

Taarifa ya kampuni ya maudhui ilirekebishwa: mtunzi, mtunzi mwenza wa muziki, mwenye rekodi. Makubaliano yaliandikwa kwa mkono, kurasa mbili, yakasainiwa na wote pamoja na mashahidi wawili.

Bendi ya tatu, na karatasi

Tangu 2023 Mtunzi anapiga na bendi ndogo ya watu wanne, wikendi tu, vilabuni na harusini. Wimbo haupokelewi mazoezini bila karatasi moja ya A4. Upande wa mbele ni wa kupigia: jina, kii ya mwimbaji (si ya mtunzi), hesabu ya mdundo, mwendo kwa pigo kwa dakika, ramani ya wimbo kwa vipimo, na kodi kwa namba. Namba ni muhimu kuliko zinavyoonekana. Ukiandika G, C, D, mwimbaji akibadilika unaandika upya. Ukiandika 1, 4, 5, mpiga gitaa anayejua ngazi yake anahamia kii yoyote bila kugusa karatasi. Chini yake ni maneno, na silabi zinazotua kwenye pigo zimepigiwa mstari. Kwenye wimbo wa bahari zingekuwa *ha*, *i*, *de*.

Upande wa nyuma ni wa haki: tarehe wimbo ulipoletwa, nani alileta maneno, nani sauti, nani aliongeza nini mazoezini, na asilimia. Hujazwa mwisho wa zoezi la tatu, kwa makusudi. Zoezi la kwanza ni mapema mno, kwa kuwa hujajua kama utangulizi mpya utabaki. Siku ya kwenda studio imechelewa, kwa kuwa kuna aliyelipa na kuna mwenye haraka. Pamoja na karatasi hutumwa sauti ya simu, ikianza na makofi kwenye pigo la 1 na la 4 kwa vipimo viwili kabla ya kuimba, ili mpiga drams asijichagulie mdundo.

Hadi mwisho wa 2024 alikuwa ameleta nyimbo kumi na moja. Sita zinapigwa kila wiki, mbili kati yake zikiwa za bendi ya kwanza zilizofufuliwa. Tatu ziliachwa kwa sababu hazikupendeza, na safari hii wanajua kwa nini. Mbili bado ziko mazoezini.

Uchambuzi

*Kilichofaa.* Kutenganisha wimbo na rekodi ndiko kulikofungua kila mlango. Mradi walizungumzia "wimbo" kama kitu kimoja, kila mtu alikuwa na sababu ya kweli ya kuudai wote. Pia ilifaa kuanza na usikivu badala ya fedha, na kumpata msuluhishi anayejua muziki. Mzee wa mtaa asiyejua kinanda angegawa sawa kwa sawa ili amani ipatikane, na amani hiyo isingefika Ramadhani.

Tunamtetea pia mpiga kinanda kwa kiasi. Fomu yenye nafasi moja, mtu aliyekifanya kitu kisikike kwa mara ya kwanza, na miaka kadhaa ya kuambiwa "ule wa kwetu": mchanganyiko huo huzaa madai haya bila nia mbaya. Kosa lake halisi lilikuwa kutopiga simu moja.

*Kilichoharibika.* Hesabu ya asilimia 75 kwa 25 haikuwa na msingi zaidi ya hisia za chumbani. Kwa wimbo huu ilipita. Lakini sheria ikiuona wimbo kuwa kazi ya pamoja ya watu ambao michango yao haitenganishiki, wote wanakuwa wamiliki wa kitu kimoja, na wasipokubaliana kuhusu kuuza ugomvi unaanza upya. Karatasi ya bendi ya tatu inataja asilimia lakini haisemi nani ana neno la mwisho likija tangazo la biashara.

Jambo jingine lililosahauliwa kikaoni: walikuwa wakigawana kilichofika mkononi, bila kuuliza kilikatwa nini njiani. Marekebisho ya sheria ya 2022 yanasema mapato ya mlio wa kusubiri simu, baada ya kodi ya serikali, yagawanywe hivi: si chini ya asilimia 52 kwa msanii au mwenye haki, 8.5 kwa mtoa huduma wa maudhui, na 39.5 kwa kampuni ya simu. Maana yake katika kila shilingi 1,000 baada ya kodi, 520 ni zenu. Mkataba wa mpiga kinanda ulisainiwa 2021, kabla ya mabadiliko hayo, na hakuna aliyeusoma tena kuona kama kampuni ilibadilisha hesabu. Hilo lilihitaji barua moja, na pengine lilikuwa na fedha kuliko ugomvi wenyewe.

Vyama vya kukusanya mirabaha navyo havikuguswa. PRISK ni ya wapigaji na waimbaji, KAMP ni ya wenye rekodi, na watunzi wana chama chao. Mtu mmoja anaweza kustahili zaidi ya mlango mmoja: mwimbaji katika kisa hiki alistahili viwili, na hakujiandikisha hata kimoja. Leseni za vyama hutolewa na KECOBO kwa muda maalumu, kwa hiyo uliza kwanza ni chama gani kina leseni mwaka huo kabla ya kulipa ada.

*Ambacho karatasi haiwezi.* Haimpi mtunzi mwimbaji anayefaa, na haimlazimishi mwenye klabu kutaka wimbo mpya. Mtwapa, usiku wa Jumamosi, wimbo wa 6/8 ukiingia saa sita unaweza kuwaondoa wachezaji wote sakafuni hata ukiwa na karatasi kumi. Bendi ya tatu hupiga nyimbo zake kabla ya saa nne, kisha hurudi kwenye za kukopi.

Yaliyobaki wazi

Daftari la nyimbo tano zisizo na sauti bado lipo. Maneno yake yanalindwa kama maandishi, na Mtunzi anaweza kuyatungia sauti mpya. Mpiga besi wa bendi ya kwanza anadai anaikumbuka sauti ya wimbo mmoja wapo. Ikithibitika, lazima iamuliwe kama anachokikumbuka ni alichofundishwa au ni alichojitungia kwa miaka kumi ya kuuimba peke yake, na kikao cha kwanza cha kusikiliza kinapaswa kurekodiwa tangu mlango unapofungwa.

Upande wa nyuma wa karatasi hauna mahali pa kuandika mrithi. Haki ya mtunzi nchini Kenya hudumu uhai wake na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake. Mpiga tumba wa bendi ya tatu, mwenye asilimia 10 katika nyimbo mbili, ana wake wawili na watoto saba. Bendi imekubaliana kuongeza mstari wa jina na namba ya kitambulisho cha mrithi katika toleo lijalo la karatasi. Kwa nyimbo zilizokwisha kusainiwa, kila mmoja atajaza karatasi ya nyongeza na kuibana nyuma ya ile ya kwanza.